Reli Iliyovutwa na Nyumbu: Jinsi Madeni ya Majimbo ya Marekani Yalivyozaa Swali la Nani Atalipa

Mwaka 1847 jimbo la Illinois, nchini Marekani, lilipiga mnada reli yake. Ilikuwa njia fupi isiyofika kilomita mia, kutoka mji wa Springfield hadi Meredosia kwenye ukingo wa Mto Illinois. Kichwa cha treni kilichopokewa kwa shangwe mwaka 1838 kilikuwa kimechoka, hazina haikuwa na fedha ya kukitengeneza, na mabehewa yakafungwa nyumbu. Si nyumbu wa Serengeti, bali wale chotara wa punda na farasi. Wakakokota mizigo juu ya vyuma kama wanavyokokota mkokoteni barabarani. Ujenzi ulikuwa umemeza karibu dola milioni moja. Aliyeshinda mnada alitoa dola 21,100.

Reli ikaondoka, deni likabaki. Wananchi wa Illinois waliendelea kulipia miradi ya aina hiyo hadi miaka ya 1880, wakati wengi wa wabunge walioipitisha walikuwa wamekwisha kuzikwa. Miongoni mwa waliosema ndiyo mwanzoni mwa 1837 alikuwamo mbunge wa miaka 28, mrefu kuliko wenzake, aitwaye Abraham Lincoln.

Wezi hawakukosekana katika mambo haya, lakini si wao waliotia majimbo kitanzi. Mikopo ilipitishwa kihalali, mchana kweupe, kwa kura nyingi na makofi. Kilichokosekana ni sentensi moja tu katika sheria za kukopa: kodi fulani, ya kiasi fulani, ndiyo itakayolipa. Ilichukua miaka kumi ya aibu kabla sentensi hiyo haijaingizwa katika katiba.

Waliiga mfereji, hawakuiga mfuko

Chanzo cha balaa kilikuwa mafanikio. Tarehe 4 Julai 1817 jimbo la New York lilianza kuchimba mfereji wa kilomita 584 kutoka Albany hadi Buffalo, ili kuunganisha Mto Hudson na Ziwa Erie. Wapinzani wa Gavana DeWitt Clinton waliudhihaki kuwa ni mtaro wake. Miaka minane baadaye Clinton alisafiri kwa mashua kupitia mtaro huo huo na pipa la maji ya ziwa, akayamwaga baharini katika bandari ya New York. Tani moja ya mzigo iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Buffalo hadi pwani kwa takriban dola 100 sasa ilisafirishwa kwa takriban dola 10 au pungufu.

Ujenzi uligharimu dola milioni saba hivi, na sehemu kubwa ilitokana na hati fungani. Ushuru wa matishari ukalipa deni kabla ya wakati. Jambo hili ndilo lililowavutia majirani, na ndilo walilolielewa nusu nusu. Wabunge wa New York hawakuwa wameuachia mfereji peke yake kazi ya kujilipia. Sheria ya 1817 ilitenga mapato maalumu kwa ajili ya mfuko wa mfereji, yakiwamo ushuru wa chumvi iliyozalishwa jimboni na ushuru wa minada. Kwa hiyo hata kama lisingepita tishari hata moja, mwenye hati fungani alijua riba yake itatoka wapi, na mla chumvi alijua anachangia nini.

Pennsylvania ikaingia mbioni. Kati yake na magharibi kulikuwa na milima ya Allegheny, kwa hiyo wahandisi walijenga miteremko kumi ambako mashua zilipandishwa mlimani kwa kamba na injini za mvuke, kisha zikashushwa upande wa pili. Kazi ilikuwa ya kustaajabisha kwa macho, lakini ilikuwa hasara kwenye daftari. Kufikia 1842 jimbo hilo lilikuwa na deni la karibu dola milioni 40.

Kila mtu na mgao wake

Huko magharibi, ambako majimbo yalikuwa bado machanga, tamaa ilizidi. Januari 1836 Indiana, jimbo lisilofikisha hata watu 700,000, liliidhinisha mkopo wa dola milioni 10 kwa mkupuo mmoja, kujenga mifereji, reli na barabara kila upande. Mwaka uliofuata Illinois ikafanya vivyo hivyo. Ili kupata kura za kutosha bungeni, kila mbunge ilibidi apate cha kupeleka nyumbani. Kaunti ambazo hazikupitiwa na reli wala mfereji zilitengewa dola 200,000 za kugawana, kama mgeni aliyekosa kiti anavyofungiwa pilau aende nayo.

Mradi wa kuanzia sehemu moja ungeweza kukamilika na kuanza kuingiza fedha. Miradi iliyoanza kila mahali kwa wakati mmoja haikukamilika popote.

Mwanahistoria wa uchumi John Joseph Wallis ameeleza siasa ya miaka ile kuwa ni ya fedha zisizo na kodi. Mpiga kura aliambiwa atapata mfereji bila kuongezewa hata senti, kwa sababu ushuru wa mfereji au gawio la benki ya jimbo ndilo litakalolipa riba. Kodi ingekuja tu ikiwa mambo yangeharibika, na nani asemaye siku ya harusi kwamba mambo yanaweza kuharibika? Wahenga walikwisha kusema kuwa kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Huku, hata orodha ya watakaochangia matanga haikuandikwa.

Kisa cha Michigan kinatosha kuonyesha uzembe ulivyofika mbali. Mwaka 1837 bunge lake liliidhinisha mkopo wa dola milioni tano. Uuzaji wa hati fungani ukakabidhiwa kampuni moja ya mifereji na benki iliyokuwa na makao New Jersey, ambayo ilipaswa kulipa kwa awamu, nayo ikashirikiana na benki kubwa ya Philadelphia. Hati zilitolewa kabla fedha zote hazijalipwa. Kampuni na benki zikaanguka, huku hati nyingi zikiwa zimekwisha kuwekwa rehani kwa wakopeshaji wa Ulaya. Jimbo likajikuta linadaiwa fedha ambazo halikuwahi kuzipokea. Michigan ilikubali kulipa ilichokipokea na kukataa kilichobaki. Mwenye hati aliyeinunua kwa nia njema London hakuelewa tofauti.

Aibu ya 1842

Msukosuko wa kibenki wa 1837 ulitikisa, wa 1839 ukavunja. Bei ya pamba ikaporomoka, wakopeshaji wa Uingereza wakafunga mikoba. Majimbo yalikuwa na madeni ya takriban dola milioni 200 kwa jumla, na mengi yalikuwa yakilipa riba ya mkopo wa jana kwa mkopo wa leo. Mkopo mpya ulipokosekana, mnyororo ukakatika. Katika 1841 na 1842 majimbo manane, yaani Indiana, Illinois, Michigan, Pennsylvania, Maryland, Mississippi, Arkansas na Louisiana, pamoja na eneo la Florida ambalo wakati huo lilikuwa bado halijawa jimbo, yalishindwa kulipa.

London ilikasirika, na hasira hizo zilikuwa na majina. Sydney Smith, kasisi wa Kanisa Kuu la St Paul aliyejulikana kwa ulimi mkali, alikuwa na hati za Pennsylvania. Mwaka 1843 aliandikia Bunge la Marekani malalamiko yaliyochapishwa magazetini, yakawachoma Wamarekani kuliko hotuba za mabalozi. Charles Dickens naye, katika kitabu chake *A Christmas Carol* cha mwaka huo huo, alitia kijembe akizitaja hati za Marekani kama mfano wa kitu kisicho na thamani. Serikali kuu ya Marekani, ambayo haikuwa na hatia katika madeni haya, ilipotuma wakala kutafuta mkopo Ulaya mwaka 1842, alirudi mikono mitupu. Bungeni Washington lilitolewa pendekezo kwamba serikali kuu ibebe madeni ya majimbo, kama ilivyofanya mwaka 1790 baada ya vita vya uhuru. Safari hii likakataliwa. Aliyekopa na alipe.

Wengi walilipa, kwa kuchelewa. Pennsylvania ilitoza kodi na kurejea kulipa riba mwaka 1845. Mississippi haikulipa. Gavana Alexander McNutt alidai kuwa hati za dola milioni tano, zilizotolewa mwaka 1838 kwa ajili ya benki moja, ziliuzwa kinyume cha sheria, kwa hiyo jimbo halidaiwi. Baadaye katiba ya jimbo ikapiga marufuku kabisa kuzilipa. Wadai hawakukata tamaa upesi: karibu karne moja baadaye, mwaka 1934, nchi ndogo ya Monaco, iliyokuwa imepewa baadhi ya hati za zamani za Mississippi, ilijaribu kulishtaki jimbo hilo katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakama ikasema jimbo haliwezi kushtakiwa na nchi ya kigeni bila ridhaa yake. Kwa maneno mengine, mahakamani mdai hakuwa na pa kumshika mkopaji. Kama kuna wa kumbana, ilibidi awe mwananchi wake mwenyewe, na kabla ya kukopa.

Kalamu ya Albany

Fikra hiyo ya kumbana mkopaji kabla hajakopa ndiyo iliyoshika New York tangu miaka ya 1840. Jimbo hilo halikushindwa kulipa, lakini mwaka 1842 lilikaribia ukingo, kwa kuwa nalo lilikuwa limeanza kupanua mfereji wake kwa mikopo mipya. Mbunge Michael Hoffman wa Herkimer aliongoza kupitishwa kwa sheria iliyoitwa simamisha na toza: kazi za mifereji zikasimama, na kila mwenye mali akatozwa senti moja kwa kila dola kumi za thamani ya mali yake. Haikuwa sheria ya kumpendeza mtu. Hoffman aliona hatari nyingine. Bunge lililotoza kodi leo linaweza kusahau kesho, fedha zitakaporudi kuwa rahisi.

Mwaka 1846 mkutano wa katiba uliofanyika Albany uliandika masharti ambayo hadi leo yanasomeka kama ya mtu aliyeungua na uji. Mbali na kiasi kidogo cha kuziba pengo la bajeti, kisichozidi dola milioni moja, na mikopo ya kujihami vitani, jimbo halikuruhusiwa kukopa mpaka mambo haya yatimie. Mkopo uwe wa kazi moja iliyotajwa waziwazi, ili pasiwe na pilau ya kufungiana. Sheria hiyo hiyo inayokopa itoze kodi ya moja kwa moja ya kila mwaka itakayolipa riba, na kumaliza deni ndani ya miaka 18. Kisha ipelekwe kwa wapiga kura katika uchaguzi mkuu, angalau miezi mitatu baada ya kupitishwa, ili watu wapate muda wa kuisoma. Katiba hiyo hiyo ilimfanya Mdhibiti wa hesabu za jimbo achaguliwe na wananchi badala ya kuteuliwa na wanasiasa anaowakagua.

Rhode Island ilikuwa imetangulia mwaka 1842 kwa kutaka ridhaa ya wananchi kwa mkopo wowote uzidio dola 50,000, na New Jersey ikafuata 1844. Baada ya New York, majimbo mengi yaliyoandika katiba mpya yaliweka mipaka ya aina hiyo. Indiana, iliyokuwa imeidhinisha mkopo wa dola milioni 10 kwa mkupuo mmoja, ilikwenda mbali zaidi mwaka 1851 ikakaribia kupiga marufuku deni la jimbo moja kwa moja.

Mlango wa uani

Mlango wa mbele ulipofungwa, wanasiasa walitafuta wa uani. Kwanza mzigo ulihamia kwenye miji na kaunti, ambazo zilikopa kujenga reli na nyingi zikafilisika katika miaka ya 1870. Karne ya 20 ikaleta mashirika ya umma yanayokopa kwa jina lake yenyewe.

Ustadi mkubwa zaidi ulionekana New York kwenyewe. Wapiga kura walikuwa wamekataa mara kadhaa mikopo ya nyumba za bei nafuu. Mwaka 1960, chini ya Gavana Nelson Rockefeller, wakili wa hati fungani John Mitchell alibuni hati zenye wajibu wa kimaadili. Shirika la umma linakopa. Likipungukiwa, sheria inasema bunge la jimbo linaweza kutoa fedha. Neno ni linaweza, si litatoa. Kwa kuwa jimbo halifungwi kisheria, hilo si deni. Kwa kuwa si deni, hakuna kura. Ilhali mnunuzi wa hati anakonyezwa kwamba jimbo haliwezi kuacha jina lake lichafuke.

Tarehe 25 Februari 1975 shirika la ujenzi la jimbo hilo, lililokuwa likikopa kwa mtindo huo, lilishindwa kulipa zaidi ya dola milioni 100, na bunge likalazimika kutafuta fedha za kuliokoa. Mwananchi hakuulizwa wakati wa kukopa, lakini alihesabiwa wakati wa kulipa.

Siku saba

Mjadala huu si mgeni Afrika Mashariki. Katiba ya Kenya ya 2010, iliyozaa kaunti 47, inasema katika Ibara ya 212 kuwa kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Ibara ya 201 inataka mzigo wa mikopo ya umma ugawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vijavyo, jambo ambalo watoto wa Illinois wangelipokea kwa mikono miwili. Hakuna sharti la kura ya wananchi wala la kutaja kodi. Lakini Ibara ya 211 inatoa silaha nyingine: Bunge la Taifa au Seneti ikipitisha azimio, Waziri wa Fedha ana siku saba kueleza kuhusu mkopo wowote ni kiasi gani kinadaiwa pamoja na riba, fedha zimetumika au zitatumika wapi, mkopo utalipwa kwa njia gani na umelipwa kiasi gani.

Ni maswali manne ambayo wabunge wa 1837 hawakuyauliza. Ila saa ya siku saba haianzi kuhesabu yenyewe. Lazima kwanza mtu asimame bungeni na kuuliza, na afadhali aulize wakati kichwa cha treni bado kinavuta.