Baba Mzuri kwa Watoto Wake: Tumkumbuke Vipi Idi Amin?



Juzi tulikuwa matangani. Mzee mmoja jirani yetu alifariki, na mtoto wake mkubwa akasimama kusoma maisha yake. Alipenda familia. Alipenda mpira, redio, na kutengeneza pikipiki mbovu mpaka ziwake tena. Watu walilia, wakacheka pia. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, mmoja wetu akauliza: "Na Amin je, siku alikufa si walimsoma hivyohivyo?" Tukabishana mpaka nyumbani. Makala hii imetoka kwenye yale mabishano.

Huku kwetu ukitaja Idi Amin unamtaja jirani. Koboko si mbali. Baba yake alikuwa Mkakwa, mama yake Mlugbara. Mahali alipozaliwa panabishaniwa, wengine husema Koboko, wengine Kampala, lakini kwao ni huku. Mwaka 1946 aliingia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, akianzia jikoni. Alipanda cheo mpaka akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa.

Na mambo aliyoyapenda yalikuwa mengi, jamani. Ngumi ndizo zilimpa jina: alikuwa bingwa wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960. Kule Jinja alicheza raga. Aliogelea, alicheza basketi, alipenda magari ya mbio. Alipiga akodioni, na ukitazama ile filamu Barbet Schroeder aliyompiga mwaka 1974 utamsikia mwenyewe akiipiga. Wake walikuwa kadhaa, na watoto zaidi ya 30. Baada ya kupinduliwa alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Waandishi wa habari waliomfuata Jeddah walisimulia juu ya mzee mkimya anayevua samaki, anayepiga muziki, anayeenda uwanja wa ndege kuchukua vyakula vya kwao vilivyotumwa kutoka Uganda. Alifia huko tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa hukohuko.

Hapo mmoja wetu akasema: "Hata sisi tunajua ile hamu ya chakula cha nyumbani." Ni kweli. Yeye pia alikufa mkimbizi.

Kwa hiyo wasifu wa matangani wa Amin unaweza kuandikwa bila kusema uongo hata mmoja: baba wa watoto wengi, mwanamichezo, mpenda muziki. Shida ni kwamba unaishia mlangoni pa nyumba. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Familia ikisimulia, inavuta upande wake, na hatuilaumu. Lakini sisi wengine inabidi tutoke nje tuone.

Nje kulikuwa hivi. Alichukua nchi kwa bunduki tarehe 25 Januari 1971. Mwaka uleule wanajeshi Waacholi na Walango waliuawa kwa wingi ndani ya kambi zao. Mwaka 1972 Wahindi walipewa siku 90 waondoke. Mwezi Septemba mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani, hakurudi. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Makadirio ya waliouawa katika ile miaka minane yanaanzia 80,000 na kufika 300,000 au zaidi.

Tena tusidanganyane kwamba watu wa huku walikuwa salama kwa sababu ni ndugu. Michael Ondoga, waziri wake wa mambo ya nje, alikuwa Mlugbara. Machi 1974 mwili wake ulikutwa mtoni Nile. Mwezi huohuo Amin alitangaza redioni kwamba ameacha wake zake watatu. Mmoja wao alikuwa Kay Adroa, Mlugbara, binti wa mchungaji. Agosti mwaka ule mwili wa Kay ulikutwa umekatwakatwa ndani ya buti ya gari. Namna alivyokufa inabishaniwa mpaka leo. Lakini Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya, aliandika baadaye kwamba Amin aliagiza mwili ushonwe, kisha akaleta watoto wa Kay wautazame, akawaambia mama yao alikuwa mbaya.

Basi hata ndani ya nyumba, yule baba mzuri hakuwa mzuri kwa kila mtu.

Na bili ililipwa na nani? Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwishoni mwa 1980 wanajeshi wa serikali mpya waliingia West Nile kulipiza kisasi. Mji wa Arua uliharibiwa. Tarehe 24 Juni 1981 waliua raia waliokuwa wamejificha misheni ya Ombaci, karibu na mji. Mamia ya maelfu walivuka mpaka, wengine Sudan, wengine Zaire. Kosa lao lilikuwa kutoka sehemu moja na Amin, basi. Mkulima aliyepanda muhogo wake Adumi, ambaye hajawahi kugusa bunduki, alikimbia na godoro kichwani.

Walikimbilia wapi? Aru. Kwetu. Sisi tuliotoka upande wa Kongo tumewasikia babu zetu wakieleza jinsi walivyowapokea. Leo mama anayetuazima shamba hapa Adumi anatwambia mtoto wake wa kwanza alizaliwa upande ule. Ninyi wa mashirika mkiuliza kwa nini huku mgeni anapewa kipande cha ardhi, jibu lingine liko hapo: walishawahi kukipewa.

Kuna bili nyingine tunailipa sisi wenyewe kwa mdomo. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Kwa wengi ilibaki lugha ya askari wa barabarani. Ukikisema kwa mzee fulani Kampala, anakukunjia uso kabla hujamaliza salamu. Wewe unaomba maji tu, yeye anakumbuka kizuizi cha barabarani.

Sasa, watoto wa Amin wafanye nini? Mmoja wao, Jaffar Amin, ameandika kitabu juu ya baba yake. Mwaka 2009 alienda Butiama, Tanzania, akakutana na Madaraka, mtoto wa Mwalimu Nyerere. Baba zao walipigana vita, wao wakapeana mikono. Kumpenda baba yako si dhambi, na mtoto hafungwi kwa kesi ya baba yake. Ila mtoto asiifute ile kesi.

Tumeandika haya kwa sababu yanatuhusu. Kati yetu wako ambao baba zao walishika bunduki Ituri, au Sudan Kusini. Walitubeba mabegani, walitufundisha kuvua samaki. Hatujui kila kitu walichofanya walipotoka nyumbani, na kuuliza kunauma. Na kati yetu wako waliofukuzwa kwa sababu ya kabila la mtu ambaye hawajawahi kumwona. Wote tunakaa kwenye mkeka mmoja jioni.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi kwenye kundi. Tukiandika maisha ya wazee wetu, tutaandika akodioni, na tutaandika mto. Na hatutamuuliza mtoto yeyote kabila lake ili tujue kama anastahili kukaa nasi.

Wewe je, wasifu wa baba yako ungeishia wapi, mlangoni au barabarani? Tuandikie. Tutakusoma bila kukuhukumu.