Pikipiki Yangu na Vifaru vya Kongwa

Nimenunua pikipiki. Mpya, ya dukani, si ile ya mkononi mwa mtu ambayo unauziwa pamoja na madeni yake. Ni Boxer ya 150, hizi hizi mnazoziona kwenye kila kijiwe hapa Dodoma kuanzia Majengo mpaka Nkuhungu. Sikuinunua ili nibebe abiria, ingawa mama mdogo ameshaniuliza mara tatu hesabu ya kila siku itakuwa shilingi ngapi. Nimeinunua ili nizunguke Ugogo nikitafuta historia, na kabla sijaondoka nataka kuirekebisha kidogo. Habari hii basi ni ya marekebisho hayo. Ni habari pia ya watu waliowahi kuleta mashine kwenye ardhi hii hii, wakaamua kuirekebisha ardhi badala ya mashine.

Chombo kipya kina tabia yake, ndugu msomaji, na hukijui mpaka umekaa nacho. Wiki mbili za kwanza nilikwenda mwendo wa bibi harusi: sipandishi injini juu, sibebi mzigo mzito, sikai kwenye gia moja kwa muda mrefu. Watoto wa mtaani walinizomea. Lakini injini mpya ni vyuma ambavyo bado havijazoeana. Pete za pistoni na ukuta wa silinda vinasuguana mpaka vikae sawa, na unga wa chuma unaotoka humo unaingia kwenye oili. Ndiyo maana oili ya kwanza inamwagwa mapema. Ukiitazama juani utaona inametameta kama mica. Mimi niliitazama sana, fundi akanicheka.

Fundi huyo yuko karibu na Sabasaba, chini ya mwarobaini. Aliizunguka pikipiki mara moja, akaipiga teke tairi la nyuma, akasema, "Dogo, hii imetengenezwa India, sawa. Sasa lazima itengenezwe na hapa Dodoma."

"Kaka, ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Haijatujua tu."

Basi akanihesabia. Keria ya nyuma ichomelewe upya kwa nondo, kwa sababu ile ya kiwandani haitabeba begi, dumu la maji na dumu la petroli kwa pamoja. Ngao ya chuma ifungwe mbele ya injini, kwa mawe. Mnyororo upate kifuniko kizima, na sproketi ya nyuma iongezwe meno mawili matatu ili nivuke mchanga wa makorongo bila kuunguza klachi. Nitapoteza mwendo kidogo kwenye lami, sina haraka. Tairi zenye meno. Tyubu ya akiba, viraka na pampu, maana miiba ya migunga haina adabu. Na zaidi ya yote, kichujio cha hewa. "Vumbi letu," alisema, "ni msasa."

Neno hilo msasa lilinipeleka mbali, kwa sababu nilishalisikia. Ndugu wa babu yangu, upande wa mama, alikuwa taniboi wa trekta Kongwa mwaka 1948. Alifariki mimi nikiwa bado shule ya msingi, lakini simulizi zake zilibaki pale nyumbani kama vigoda. Alikuwa akisema udongo wa Kongwa ulikuwa ukila chuma. Sisi watoto tulidhani ni hadithi za fisi na sungura. Kumbe ni historia tupu, na imo vitabuni.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita na haina mafuta ya kupikia. Wananchi wake walikuwa wakipimiwa siagi na majarini kwa kadi. Bwana Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akatoa wazo: tulime karanga Afrika Mashariki kwa mashine, kwenye mapori ambayo "hayana watu". Ukatumwa ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Wakakagua kwa wiki chache, sehemu kubwa kutoka angani kwa ndege, wakarudi na mpango wa ekari 3,210,000. Soma tena tarakimu hiyo. Sehemu kubwa ya ekari hizo ilipangwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ilitangulia.

Mimi kila nikifika hapo huwa najiuliza, hivi angani unaona nini? Unaona kijani, au huoni. Unaona vichaka na mibuyu. Huoni kwamba mvua yetu inakuja msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na wakati mwingine inakuja kusalimia kisha inaondoka. Huoni kwamba Mgogo analima uwele na mtama kwa sababu anajua anachofanya, na kwamba ng'ombe wake ndio benki yake mwaka wa njaa. Huoni udongo wenye mfinyanzi ambao jua likishauchoma unakuwa tofali. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilijua mambo hayo kwa miguu yake. Kati ya Mpwapwa na Ugogo kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Makali, yaani maji machungu, na wapagazi waliikimbia usiku na mchana. Watemi wa Wagogo walitoza hongo kwa kila msafara uliopita na kunywa, na wazungu wakaandika vitabuni kwamba hao ni wakorofi. Mtu anayelipisha maji mahali pasipo na maji ni mkorofi? Tuliache hilo.

Kazi ilianza mapema mwaka 1947. Matrekta mapya hayakuwepo, maana dunia nzima ilikuwa inayataka, kwa hiyo yakakusanywa yaliyochakaa, masalia ya jeshi yaliyobaki Misri na Ufilipino. Yakaletwa mpaka bara. Mwaka huo wa kwanza walipanga kufyeka na kulima ekari 150,000. Zilizopatikana hazikufika hata 10,000. Kabla ya mwaka kwisha, matrekta mengi yalikuwa yamelala. Mizizi ya vichaka vya Kongwa inakwenda chini na pembeni kama nyaya za umeme, ikapinda makoleo ya katapila. Mibuyu haikung'oka kirahisi. Na pale palipofyekwa, visahani vya majembe vililiwa na ule mchanga mkali mpaka vikawa vidogo kama sosa. Msasa, kama fundi alivyosema.

Sasa ndipo vinapoingia vifaru. Sifanyi utani. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs cha Uingereza kilichukua vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman vilivyobaki vitani, kikaondoa mnara wa mzinga na vyuma vya juu, kikavifanya matrekta ya minyororo. Jina likaungwa kutoka pande mbili: Shervick. Babu yetu hakulijua jina hilo. Yeye aliliita dude "kifaru kilichokatwa kichwa", na mimi naona jina lake ni bora.

Kwa karatasi wazo lilikuwa zuri. Kifaru kina nguvu, kina minyororo isiyozama, na vyuma vyake vimezagaa bure. Lakini kifaru kimeumbwa kukimbia, kusimama, kupiga na kukimbia tena. Trekta limeumbwa kuvuta polepole kutwa nzima, siku baada ya siku, likiwa katikati ya vumbi lake lenyewe. Hizo ni kazi mbili tofauti, na gia zake ni tofauti. Ukimpa mkimbiaji jembe hatakuwa mkulima kwa kuwa ana miguu mikubwa. Shervick hazikuokoa mradi. Njia iliyofaa kidogo katika kufyeka vichaka ilikuwa ya kishamba kabisa: mnyororo mkubwa wa meli unafungwa kati ya matrekta mawili, yanakwenda sambamba, vichaka vinalala. Naipenda habari hiyo kwa sababu ni akili ya watu waliokuwa pale porini na tatizo mbele ya macho yao, si ya ofisi ya London.

Nisikilizeni kidogo niende mbali zaidi ya Kongwa. Huko Quebec, Kanada, aliishi fundi kijana aitwaye Joseph-Armand Bombardier. Nchi yao inafunikwa na theluji miezi mingi, na zamani hizo barabara zilikuwa zikifungwa kabisa. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo aliugua, haikuwezekana kumfikisha hospitali, akafariki. Bombardier alikuwa tayari anahangaika na wazo la gari la kupita juu ya theluji. Mwaka 1937 akapata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mnyororo wa mpira, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, Ski-Doo, mbele miguu ya kuteleza, nyuma mkanda mpana wa mpira. Pikipiki ya theluji. Nimeona picha zake, na wenye nazo wanafanya yale yale ninayofanya mimi: wanaongeza keria, wanaongeza kioo cha kuzuia upepo, wanabadilisha meno ya gia, wanaweka kipasha joto kwenye mikono. (Hicho fundi wangu hana. Hapa Julai usiku kingefaa, msicheke.)

Tofauti yake na Shervick mnaiona. Mnyororo ule ule, chuma kile kile. Mmoja aliijua theluji ya kwao na ilikuwa imemchukulia mtoto. Wengine waliamua kwa simu.

Karanga za Kongwa hazikukubali. Msimu wa 1948/49 mvua haikutosha na mavuno yalikuwa ya aibu. Shirika la Overseas Food Corporation, lililoupokea mradi mwaka 1948, lilipunguza ekari, likapunguza tena. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha, na pauni milioni 36 na zaidi zikafutwa. Reli ya tawi iliyotoka Msagali kwenda Kongwa iling'olewa baadaye. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya ng'ombe. Ng'ombe, jamani! Mgogo yeyote angewaambia hivyo bure mwaka 1946, kama angeulizwa.

Lakini msidhani Kongwa ilibaki gofu. Kuanzia miaka ya 1960 wapigania uhuru walipewa makambi huko: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Vijana wa umri wetu walifanya gwaride kwenye nchi iliyosafishwa kwa ajili ya majarini. Historia nayo ina kejeli zake.

Kinachoniuma ni kitu kingine. Majina ya wakubwa wa mradi tunayo, mishahara yao tunayo, hata ugomvi wao bungeni London tunao neno kwa neno. Majina ya madereva, mataniboi na wapishi yako wapi? Walikuwa maelfu. Walitoka Ugogo, Unyamwezi, Usukuma, na mbali zaidi. Wengi walishika usukani kwa mara ya kwanza pale. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulipoanza Septemba 1947, ulipanda na reli mpaka ukawafikia wafanyakazi wa Kongwa, nao wakaweka zana chini. Nani aliwaambia? Nani alisimama kwanza? Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo leo anakaribia 100. Hesabu hiyo ndiyo inayonisukuma kuliko sproketi na keria. Wenyewe wamekwisha karibu wote. Wamebaki watoto wao, nao ni wazee, wanaokumbuka baba alirudi na koti gani, alileta wimbo gani, alitukana injini kwa lugha gani.

Na watu wale wakiwa wamebaki hawakuwasubiri wazungu warudi na mashine nyingine. Zilikuja baiskeli, Raleigh, baadaye Phoenix za Wachina na Swala zetu za Dar es Salaam, na kila moja ilipofika Ugogo ilichomelewa keria ya nondo na kubebeshwa madumu ya maji na magunia ya mkaa ambayo aliyeichora hakuyaota. Kisha ikaja bodaboda, neno lililozaliwa kwenye baiskeli za mpakani, Kenya na Uganda. Kwetu kanuni za mwaka 2010 ziliipa pikipiki leseni ya kubeba abiria. Leo mama mjamzito wa kijiji kisicho na gari la wagonjwa anafika zahanati kwa Boxer kama yangu, ameketi katikati ya dereva na wifi yake. Treni ya umeme ya kutoka Dar inafika Dodoma tangu 2024 na ninaisifu, lakini haiendi Hogoro.

Kwa hiyo mpango ni huu. Jumamosi keria inachomelewa. Ngao tayari, nimeipaka rangi mwenyewe. Kichujio cha hewa nimeshanunua viwili, kimoja cha akiba, na nitavipangusa kila jioni kama mtu anayepiga mswaki. Sproketi fundi ameahidi wiki ijayo. Ya mafundi mnaijua, nimehesabu wiki mbili. Kaseti siku hizi hakuna, nitarekodi kwa simu, na nimemwomba fundi anivutie waya wa kuchajia kutoka kwenye betri. Kisha Ihumwa, Buigiri, njia panda ya Mbande, nakata kulia kuelekea Kongwa. Pale nitaanza na mama mmoja muuza uji ambaye baba yake, nimeambiwa, alikuwa dereva wa kifaru kilichokatwa kichwa. Nimeshajifunza kusema "mbukwenyi" bila kung'ata ulimi. Mwenye babu au bibi aliyepita Kongwa, Urambo au Nachingwea miaka ile, aandike jina lake alitume hapa gazetini, hata kama ni jina tu.