Vyuo visivyo na ligi Marekani: uhuru una bei yake

Leo tuongelee kitu ambacho kwa wengi hakieleweki. Wabongo wengi tulianza kufuatilia michezo ya vyuo vya Marekani kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Huyu mtoto wa Dar alichezea kikapu chuo cha Connecticut (UConn) kuanzia 2006, na mwaka 2009 akachukuliwa na Memphis Grizzlies akiwa chaguo namba 2 la NBA. Chuo hicho hicho kina timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa umbo la yai. Mwaka 2020 timu hiyo ilibaki haina ligi. Sasa inachezaje?

LIGI NI NINI KWAO
Kule hakuna ligi moja ya nchi nzima kama yetu ya Bara. Vyuo vinajikusanya kwenye makundi yanayoitwa konferensi, mimi nayaita ligi. Ligi inapanga ratiba, inauza haki za TV kwa pamoja, inagawa pesa na inatoa bingwa wake. Chuo kisicho na ligi kinaitwa chuo huru. Kinatafuta wapinzani chenyewe, mechi moja moja, na pesa kinajitafutia.

UConn ilifikaje huko? Mwaka 2020 ilirudisha kikapu chake kwenye ligi ya Big East, ambayo ndiyo aliyochezea Thabeet. Big East haina futiboli, basi futiboli ikabaki yenyewe.

ZAMANI ILIKUWA UJANJA
Msidhani kukosa ligi siku zote ni unyonge. Miaka ya 80 timu huru ndizo zilikuwa zinatamba. Penn State ilichukua ubingwa wa taifa wa futiboli 1982 na 1986, Miami 1983, 1987 na 1989, Notre Dame 1988. Mara sita ndani ya miaka kumi!

Kilichobadilisha mambo ni TV. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hakiwezi kuhodhi matangazo ya futiboli. Vyuo vikapata ruhusa ya kuuza mechi zao, na vikagundua kwamba kuuza kwa pamoja kunalipa zaidi. Miami ikaingia Big East 1991, Penn State ikaanza kucheza Big Ten 1993. Wengine wakafuata mmoja mmoja. BYU ilijaribu uhuru kuanzia 2011, ikaingia Big 12 mwaka 2023. Timu ya jeshi, Army, ikapata ligi 2024. Msimu wa 2025 futiboli ya daraja la juu ilibaki na timu huru mbili tu: Notre Dame na UConn.

TAJIRI: NOTRE DAME
Hawa wana mashabiki nchi nzima, na tangu 1991 televisheni ya NBC inaonyesha mechi zao za nyumbani. Mwaka 1999 Big Ten iliwaita, wakakataa. Michezo yao mingine mingi iko ligi ya ACC, lakini futiboli hawaigusi.

Bei yake? Msimu wa 2024 mtoano wa ubingwa ulikuwa na timu 12, na nne zilizoruka raundi ya kwanza zilikuwa lazima ziwe mabingwa wa ligi. Notre Dame haina ligi, kwa hiyo hata ingeshinda mechi zote isingeruka. Walipambana mpaka fainali ya Januari 2025, wakafungwa na Ohio State 34-23.

Msimu wa 2025 ukawa mchungu zaidi. Walishinda mechi 10, wakapoteza 2. Kamati ikawaweka nafasi ya 11, na mtoano ulikuwa wa timu 12, halafu wakaachwa! Nafasi tano zilikuwa za mabingwa wa ligi, hivyo Tulane na James Madison, waliokuwa chini yao, wakaingia. Mwamba ngoma huvutia kwake.

MASKINI: CHICAGO STATE
Hawa ndio walionigusa. Walitoka ligi ya WAC 2022 na wakacheza kikapu misimu miwili bila ligi. Vyuo vingi vinabanwa na mechi za ligi zao Januari na Februari, sasa nani aje kucheza na wewe? Wakawa watu wa kusafiri tu, mechi nyingi ugenini.

Desemba 2023 waliifunga Northwestern, iliyokuwa namba 25 nchini, 75-73. Lakini katika nafasi 68 za mashindano ya taifa msimu ule, 32 zilikuwa za mabingwa wa ligi. Timu ndogo huwa inapitia mlango huo, na kwao ulikuwa umefungwa. Mwaka 2024 wakaingia ligi ya NEC.

TUNAJIFUNZA NINI
Kwa mtazamo wangu, uhuru ni mtamu kwa mwenye soko lake. Asiye na soko hajawa huru, ameachwa. Kwa hiyo mdogo wangu unayeota kufuata nyayo za Thabeet, siku chuo kikikuita usiulize tu kama kuna basketi na bweni. Uliza pia: mko ligi gani, na bingwa wake anapata tiketi ya wapi?

Mnasemaje wadau, Notre Dame waingie ligi au wakaze? Tuchangie hapo chini, bila matusi. Tuko pamoja.