Mpira wa kikapu: kwa nini filimbi hulia mara hii na mara nyingine hunyamaza?

Wachezaji wawili wanagusana, filimbi inalia. Dakika moja baadaye wengine wanagusana, mchezo unaendelea. Kwa mashabiki wa ligi za mitaa na vyuo, huo ni upendeleo. Tunafafanua jinsi mwamuzi anavyopima.

Si kila mguso ni faulo

Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, zinatambua kwamba wachezaji 10 katika uwanja wa mita 28 kwa 15 hawawezi kukwepa kugusana. Mwamuzi hujiuliza: aliyegusa amepata faida isiyo halali? Mshambuliaji akiguswa kidogo na kuendelea na safari yake, mara nyingi ataachwa. Akipoteza mpira kwa mguso huohuo, ni faulo.

Mshambuliaji akimvaa beki

Hapa ndipo penye kelele nyingi. Beki hujiweka kihalali kwa kumkabili mwenye mpira huku miguu yote miwili ikiwa sakafuni. Baada ya hapo anaruhusiwa kusogea pembeni au kurudi nyuma, kwa hiyo hoja kwamba "hakusimama tuli" haitoshi. Akigongwa kifuani, faulo ni ya mshambuliaji. Akiingia njiani baada ya mshambuliaji kuruka, faulo ni yake.

Macho mawili, hakuna marudio

Mechi nyingi za ridhaa huwa na waamuzi wawili na hakuna video ya kurudia tukio. Ndiyo maana mwamuzi mzuri haufuati mpira tu. Husogea hadi aione nafasi iliyopo kati ya wachezaji wawili. Anayesimama nyuma ya mgongo wa mchezaji hubaki kubahatisha.

Yasiyovumiliwa

Kumsukuma aliye hewani au kurusha kiwiko hakupimwi kwa faida. Mchezaji wa ridhaa kesho anatakiwa kazini, na timu yake huenda haina daktari. Faulo isiyo ya kiungwana huwapa wapinzani mitupo 2 ya adhabu na mpira; mchezaji akifanya mbili hutolewa.

Kipimo kimoja hadi mwisho

Mchezaji hutoka akifikisha faulo 5, na timu ikishafanya 4 katika robo moja, zinazofuata huzaa mitupo 2 hata kama aliyechezewa hakuwa akirusha. Kwa hiyo kilichoachwa robo ya kwanza kikiadhibiwa dakika ya mwisho, matokeo yanaweza kugeuka. Kipimo kikiyumba, wachezaji huanza kulipizana wenyewe.

Ukiwa na shaka, mwachie nahodha. Sheria inamruhusu kumuuliza mwamuzi kwa heshima, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama.