Sheria inavyoweza kulinda mashamba na misitu ya Ukambani yasikatwe vipande

KATIKA vilima vya Mbooni na Kilungu, Kaunti ya Makueni, shamba la ekari 10 lililoachwa na babu huweza kugawanywa mara mbili au tatu kabla ya wajukuu kufikia umri wa kuoa. Kila mgao huzaa ua mpya na nyumba mpya, na mara nyingi kipande cha msitu kilichokuwa juu ya chemchemi ndicho hufyekwa kwanza. Upande wa Kitui tatizo huchukua sura nyingine: makaa, mchanga na uuzaji wa ardhi kwa wageni.

Wengi hawafahamu kwamba sheria za Kenya humruhusu mwenye shamba kuendelea kulima na kulisha mifugo huku ardhi yake ikifungwa dhidi ya matumizi fulani, hata baada ya yeye kufariki au kuuza. Haki hiyo ya hifadhi ya mazingira imo katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka wa 1999, kuanzia kifungu cha 112 hadi cha 116.

Chini ya vifungu hivyo, mtu mmoja au kundi la watu huomba mahakama iwekee ardhi fulani masharti. Yaweza kuwa kutokata miti ya asili, kutochimba madini au kokoto, kulinda ubora na mtiririko wa maji ya mto, bwawa au chemchemi, ama kuacha wazi njia ya wanyamapori. Mwombaji halazimiki kuwa na shamba linalopakana na ardhi hiyo. Masharti yanaweza kuwa ya milele au ya muda maalum, na huandikishwa katika sajili ya ardhi. Hivyo basi, anayenunua shamba hununua pamoja na mzigo wake.

Mwenye ardhi naye ana haki ya kulipwa fidia inayolingana na thamani ya matumizi anayopoteza, na anayeiomba haki hiyo ndiye hugharimika. Endapo mahakama itaona kuwa jambo lenyewe lina umuhimu wa kitaifa, yaweza kuiagiza Serikali ilipe. Nadhani hapa ndipo penye uzito wa sheria hii, na ndipo penye udhaifu wake pia: ni nani Ukambani mwenye fedha za kumlipa jirani ili asikate miti?

Marekani, ambako mtindo huu umeenea, wenye mashamba hupunguziwa kodi ya mapato wanapotoa haki hiyo kwa shirika la kuhifadhi ardhi. Nafuu ya aina hiyo haimfai mkulima wa Mutomo au Nzaui ambaye kipato chake ni pojo, mbaazi na mbuzi wachache.

Mfano ulio karibu ni wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Tangu mwaka wa 2000, familia za Wamaasai zililipwa takriban dola 4 kwa ekari kila mwaka ili zisijenge ua, zisichimbe mawe na ziache wanyama wapite. Malipo yalitolewa kwa awamu zilizoambatana na mihula ya shule, na wazazi wengi waliyategemea kwa karo. Hata hivyo, ilikuwa mikataba ya kukodisha iliyotegemea wafadhili. Haikuwa haki iliyoandikwa kwenye hatimiliki, na viwanja vyenye ua viliendelea kuenea.

Makueni ina sababu za kutosha za kutafuta kitu cha kudumu zaidi. Vilima vya Chyulu, ambavyo sehemu yake ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1983, hunyonya mvua na kuitoa chini kwenye chemchemi za Umani katika msitu wa Kibwezi na zile za Mzima, ambazo maji yake hufika Mombasa. Mradi wa kaboni wa Chyulu, unaosimamia zaidi ya hekta 400,000, tayari huuza hewa iliyohifadhiwa na miti. Yaani wanunuzi wapo, mradi miti isimame.

Kuna pia bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka wa 2018 mpakani mwa kaunti hizi mbili. Kila tuta linalobomoka na kila mteremko unaofyekwa juu yake huteremsha udongo kuelekea bwawani. Kumlipa mkulima wa juu ahifadhi mteremko wake huenda kukawa nafuu kuliko kuzoa matope baadaye.

Amri pekee hazijafaulu sana. Mnamo 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo kwa kisingizio cha kuokoa udongo. Miongo kadhaa baadaye, wakulima wa Machakos na Makueni walichimba matuta kwa hiari, kwa kuwa shamba lilikuwa lao na mazao yalipata soko. Mwaka wa 2018 Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti. Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka wa 2015. Sheria hizo hukataza, lakini hazimpi mwenye ardhi chochote mkononi.

Wazee wa Kikamba nao walikuwa na njia yao. Ithembo, mahali pa kutambikia, hapakukatwa mti, na hakuna aliyehitaji hakimu kumweleza hivyo. Baadhi ya vichaka hivyo vingali vimesimama katikati ya mashamba yaliyo wazi. Sheria ya 1999 yenyewe inatambua muda wa umiliki wa kimila.

Anayefikiria njia hii aanze na hatimiliki. Sehemu nyingi za Kitui zingali zinasubiri upimaji, na masharti ya ardhi isiyosajiliwa huandikishwa katika daftari la kamati ya mazingira ya eneo hilo. Ardhi ya familia huhitaji pia idhini ya mke au mume, na ile ya jamii huendeshwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ombi hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo huketi Makueni na Kitui.

Kwa familia yenye watoto wengi, ningependekeza muda maalum, tuseme miaka 20, badala ya milele. Ramani itenge waziwazi eneo la msitu na chemchemi, na sehemu ya kulima, kujenga na kukuza mukau kwa mbao ibaki huru. Watoto waliotimiza umri wa utu uzima waketi kwenye kikao hicho na watie sahihi, kwani ndio watakaoishi na masharti hayo.