Mshubiri wa Getini Una Kesi Yake

Ingia mtaa wowote mpya pande za Kitengela au Syokimau na utaupata getini: mshubiri, majani manene yenye miiba, umezungushiwa mawe meupe. Watu wanaupenda kwa sababu hausumbui. Maji ya mfereji yakipotea wiki mbili, nyasi zinakauka, wenyewe uko tu. Kinachosahaulika ni kwamba mmea huu wa urembo una kesi yake katika historia ya Kenya.

Tuanze na jina. Shubiri ni utomvu mchungu wa majani yake uliokaushwa, ndiyo maana tunasema kitu ni kichungu kama shubiri. Neno lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na wa subira. Kisiwa cha Socotra kilisifika kwa shubiri karne na karne. Lakini watu wa bara hawakungoja jahazi liwaletee. Wamaasai wana osuguroi, Wakamba wana kiluma, Wajaluo wana ogaka. Utomvu ulipakwa kwenye vidonda, mizizi ikatiwa kwenye pombe ya kienyeji.

Unaojulikana zaidi huku kwetu ni Aloe secundiflora, ule ambao maua yake mekundu huelekea upande mmoja wa bua. Baringo, Laikipia na Samburu, watu walikata majani, wakakinga utomvu, wakauchemsha hadi ukawa gundi nyeusi ya kuuzwa nje. Hofu kwamba mimea itaisha ikapanda, na 1986 Rais Moi akapiga marufuku kuuvuna mwituni.

Biashara haikufa, ilijificha tu. Na mtu anayeuza kwa kujificha hawezi kubishana bei: dalali ndiye anayepanga. Kanuni za kuruhusu ukulima na biashara yenye leseni zilikuja 2007. Miaka 21. Hiyo subira hesabu mwenyewe.

Mkataba wa kimataifa wa CITES nao unadhibiti biashara ya mishubiri karibu yote, isipokuwa Aloe vera, ule wa maua ya manjano wenye asili ya Arabuni, kwa kuwa unalimwa kwa wingi. Ndio huo wa kwenye chupa za losheni. Yaani mgeni anasafiri bila karatasi, mwenyeji ndiye anaulizwa kibali.

Mimi napanda wa mwenyeji, kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini, maana nyumba ni ya kupanga. Changanya udongo na mchanga na kokoto, uweke juani, umwagilie mara mojamoja. Mshubiri hufungua vitundu vya majani yake usiku, hewa ikiwa baridi, kwa hivyo mchana haupotezi maji. Kinachouua haraka ni huruma yako ya kila asubuhi na jagi. Ukichanua, ndege aina ya chozi watakuja bila kualikwa.

Ila kabla hujalipa, muulize muuzaji: huu umeoteshwa ama umeng'olewa porini? Mshubiri mkubwa wenye mizizi iliyokatwakatwa haukukulia kwenye kile kikopo. Chukua mche mdogo, ngoja ukue. Watu wa Baringo walikatazwa hata kukata jani. Sisi tuung'oe mzima ndiyo geti lipendeze?