Golfu: Bledi ao maleti? Namna ya kuchagua fimbo ya kuingizia mpira ndani ya tundu

Mkaaji wa Hewa Bora, ao wa kartie ingine ya Lubumbashi, mwenyi kutaka kuanza golfu na makuta kidogo, hana lazima ya kununua fimbo zote 14 zenye sheria inaruhusu. Fimbo chache zinatosha. Lakini moja haiwezi kukosa: pateri, ile ya kusukuma mpira kwenye grini, majani mafupi yenye kuzunguka tundu.

Kwenye uwanja wa matundu 18 wenye hesabu ya mapigo 72, kila tundu linahesabiwa mapigo 2 ya pateri. Hiyo ni 36, nusu kamili ya mchezo. Ndiyo maana mwenyi kununua pateri isiyomufaa anaweza kupiga mbali vizuri siku nzima, kisha kupoteza yote kwenye mita mbili za mwisho.

Tofauti iko wapi?

Bledi ina kichwa chembamba, kirefu kidogo kama kisu. Maleti ina kichwa kikubwa chenye kurudi nyuma, cha mviringo ao cha pembe, kama nyundo ya mbao.

Ukubwa wa maleti si urembo tu. Wenyi kuitengeneza wanaweka uzito mwingi kwenye kingo, mbali na katikati. Tuwaze baiskeli yenye kubeba mifuko ya makala pande mbili: haigeuki haraka hata ikisukumwa kando. Maleti ni vile vile. Mchezaji akigusa mpira pembeni ya uso wa fimbo, kichwa hakizunguki sana, na mpira unabakia karibu na njia yake. Tena mgongo wake mpana una nafasi ya kuchora mistari ya kusaidia macho kulenga.

Bledi haisamehe hivyo. Lakini mkono unasikia haraka kama mpira umeguswa katikati ao hapana, na wachezaji wengi wanasema inawasaidia kupima nguvu kwenye umbali mrefu.

Mabingwa wanatumia gani?

Zote mbili. Katika mwaka wa 1904, Mmarekani Walter Travis alishinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza na fimbo yenye mti ulioingia katikati ya kichwa. Mwaka wa 1910 wakubwa wa sheria kule wakakataza fimbo za namna hiyo, na katazo likaondolewa tu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka wa 1966, Karsten Solheim, fundi mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, alitoa Ping Anser: umbo la bledi, lakini uzito umegawanywa kwenye ncha mbili. Bledi nyingi za leo zinafuata umbo lile.

Tiger Woods alishinda mashindano makubwa 14 kati ya 15 yake na bledi moja ile ile. Scottie Scheffler naye alihamia maleti mwezi wa 3 mwaka 2024, akashinda juma lile lile, na mwezi uliofuata akabeba Masters. Kwa hiyo anayeuza akisema "hii ndiyo ya mabingwa", hajasema kitu bado.

Mkono wako unapitaje?

Hapo ndipo swali lenyewe. Kuna watu ambao fimbo yao inaenda nyuma na mbele moja kwa moja. Wengine inafungua na kufunga kidogo, kama mlango kwenye bawaba.

Kila pateri inaonyesha tabia yake. Ilaze juu ya kidole kimoja, karibu na kichwa, mpaka isimame bila kuanguka. Uso ukitazama mbingu, fimbo hiyo inafaa zaidi mwenyi kupiga moja kwa moja. Maleti nyingi ziko hivyo. Ncha ikining'inia chini, inafaa mwenyi mkono wa mlango. Bledi nyingi ziko hivyo. Lakini kuna maleti zenye kuning'inia pia, basi shurti kupima kila moja, si kutazama umbo peke yake.

Mbele ya kulipa

Weka chupa mbili kwenye saruji iliyo sawa, zikiachana sentimita 11, karibu upana wa tundu la kweli. Simama mita 2. Piga mipira 10 na bledi, kisha 10 na maleti, na uhesabu yenye kupita katikati. Nguvu za umbali mrefu zipimwe kwenye grini yenyewe, maana saruji inakimbiza mpira. Hata grini inabadilika: wakati wa mvua majani yanalowa na mpira unachelewa, wakati wa kiangazi chini inakauka na mpira unateleza zaidi.

Angalia tena urefu. Pateri nyingi za watu wazima ziko kati ya sentimita 84 na 89. Ukiinama na macho yako hayafiki juu ya mpira ao karibu yake, fimbo ni ndefu mno. Na fimbo ya mitumba ichunguzwe kama mti haujapinda na kichwa hakichezi.

Mwanzaji ambaye hesabu zake zinatoka sawa kwa zote mbili achukue maleti, maana inamupunguzia hasara ya makosa. Lakini kama bledi imepitisha mipira mingi zaidi, asiiache juu ya maneno ya watu. Chupa mbili zimeshasema.